Elektroni wa Chama Gani?

Mmanga Silima alikuwa mwalimu wa sayansi Chake Chake, mtu mpole hadi anakera. Mwaka wa sitini na moja, Pemba nzima ikigombana kwa siasa, watu hata maziko hawazikani, yeye alishughulika na unga wa kijani wa nikeli na oksijeni. Kwa hesabu za vitabuni unga ule ungepitisha umeme, na haupitishi. Jambo hilo lilimnyima raha kuliko uchaguzi. Mimi, jirani yake, nilimwona ana wazimu.

Siku moja akawaeleza wanafunzi kwa mfano wa safu ya msikitini. Elektroni, vile vichembe vinavyobeba umeme, haviwezi kukaa viwili pahala pamoja. Kila kimoja kimeshika nafasi yake, safu imejaa, hakuna pa kusogea. Ukitia humo lithi, madini nyepesi, kidogo tu, hapa na pale kimoja kinakosekana. Cha jirani huziba pengo, kikaacha pengo lake, chengine kikaliziba, na umeme ukapita.

"Mtoeni mmoja kwenye safu," alisema, "muone wote watakavyotembea."

Lahaula! Maneno gani hayo ya kusema mwaka ule? Kufika alasiri yalikuwa barazani: Mwalimu Mmanga anataka mtu atolewe msikitini.

Mkwewe, Mzee Nyange, aliyekipenda chama chake kuliko chakula, akaja kutoka Wambaa. Kahawa akaikataa.

"Nambie, mwanangu, huyo wa kutolewa n'nani?"

"Elektroni, baba."

"Simjui. Wa chama gani?"

Nilikuwa mlangoni, na sikucheka. Mzee alikwisha kuapa: asipotajiwa adui wa chama chake, bintiye anamchukua.

Binti mwenyewe, Moza, akatoka chumbani, mimba yake kubwa. "Mwalimu, ntaje ntu wa chama cha pili. Yoyote. Baba ataridhika, nami n'takaa."

Aliyetajwa wakati ule huamka akakuta mikarafuu yake imekatwa. Mmanga akaniangalia. Mimi nilikuwa wa chama cha pili. Akainamisha kichwa, akasema tena: "Elektroni, baba."

Moza alifunga nguo zake huku analia. Niliyembebea mzigo hadi barabarani ni mimi, kwa aibu.

Mtoto alizaliwa Wambaa. Mmanga alikwenda kumwadhinia mwanawe sikioni, akarudishwa mlangoni.