Karatasi Niliyoipeleka Masasi

Naikumbuka vizuri siku niliyopanda basi la asubuhi kutoka Newala kwenda Masasi kumshitaki rafiki yangu. Usidhani nilikuwa mtoto, mwanangu. Mvi zilishaanza kuchungulia, ila wivu wangu ulikuwa wa kijana wa jana.

Rafiki huyo ni Issa, tuliyetoka naye jando moja. Msimu ule wa korosho tulikuwa kwenye foleni nje ya ghala la chama cha ushirika, yeye na pikapu yake, mimi na yangu, magunia juu, tukisubiri mizani. Akapita mkusanya ushuru wa halmashauri, akatuandikia wote wawili faini ya kuegesha pasiporuhusiwa. Foleni ya ghala ikageuzwa maegesho! Mimi nilinung'unika tu. Issa akaandika barua, akaipeleka Masasi kwa afisa wa tume anayepokea malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali.

Basi habari zikaenea kwamba amesikilizwa vizuri. Sokoni wakaanza kumwita Wakili. Wakili pita, Wakili kaa hapa, Wakili hebu nisomee na mimi hii. Iliniuma, sikufichi. Darasani nilikuwa nikimshinda kusoma, halafu uwakili apewe yeye? Alikuja kwangu mara mbili, nikamwagiza mke wangu aseme niko shambani. Nimejibanza chumbani, namsikia anavyokaribishwa kwenye kiti changu, roho inachemka.

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mimi yangu niliitafuta. Nikaandika kwamba Issa ni mwongo, gari lake halikuwa kwenye foleni, alilitelekeza akaenda kunywa chai. Chai hakunywa, mwanangu. Betri yangu ilikuwa imekufa, naye alishuka kunisukuma.

Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Aliisoma karatasi yangu mara mbili.

"Baba, na wewe uliandikiwa faini siku hiyo?"

"Niliandikiwa, mama."

"Mbona hapa huilalamikii?"

Akafungua jalada, akanigeuzia barua ya Issa. Nikauona mwandiko wake ule wa kulalia upande. Gari la kwanza aliloandika lilikuwa langu. Lake lilifuata chini. Mwishoni aliomba tusamehewe wote wawili, na akaandika kwamba ataniletea karatasi niweke sahihi yangu. Hiyo ndiyo iliyomleta kwangu mara mbili.

"Sasa baba," yule mama akaniuliza, "hii yako niipokee, au unarudi nayo?"

Nilirudi nayo. Njia nzima nilitazama dirishani nisimwone mtu usoni.

Faini zilifutwa zote mbili. Ningeweza kunyamaza, lakini aibu ilinikaba, nikaenda kwa Issa nikamweleza kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kama ulitaka sifa," akasema, "ungeniambia tu. Ningekuachia uende wewe."

Kisha akaingia ndani. Msimu mzima hakukanyaga kwangu, na mimi sikuwa na mdomo wa kumlaumu. Siku hizi tunasalimiana, tunazikana, tunaalikana harusini. Lakini ule utani wetu wa jandoni haujarudi mpaka leo.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Ukionewa na wakubwa, usinung'unike kibarazani. Nenda ofisini, sema neno lako kwa adabu, maana mlango ule umewekwa kwa ajili yako. Mwenzio akitangulia kuingia, mfuate na umshukuru. Na ukiona furaha ya mtu inakuwasha, usishike kalamu siku hiyo. Muulize kwanza, huenda katika jambo hilo hilo amekukumbuka na wewe.

Mungu akupe kifua cha kubeba sifa za wenzio, akulinde na jicho lako mwenyewe, na wanaokutaja usipokuwepo wakutaje kwa heri. Amina.