Gramafoni Ilipohamia kwa Idi

Harufu ya pasi ya mkaa ikipita juu ya kitambaa chenye unyevu hunirudisha Tabora hata nikiwa wapi. Ilitoka kwenye baraza la Idi, fundi cherehani wa mtaani kwetu, na mchana wa kiangazi ilichanganyika na vumbi la barabara mpaka ukaihisi kooni. Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Vijana wa chama walipita mjini kukagua suruali, na aliyevaa ya kubana alirudishwa nyumbani akabadilishe. Basi Idi, ambaye zamani kidogo alizibana suruali hizo mwenyewe, sasa alizifumua na kuziongezea vipande pembeni, huku akipiga mluzi nyimbo za Waingereza. Muziki wa kizungu ulikuwa umeadimika redioni, na wakubwa walituambia tujivunie vya kwetu. Tulijivunia, wala sikuona kwa nini sikio langu lishindwe kubeba vyote viwili. Aliyetaka habari za zile bendi za Uingereza alikwenda barazani kwa Idi.

Wapenzi wa muziki huo hawakuwa wengi, lakini kelele zao zilitosha mji mzima. Upande wetu ulikuwa wa bendi ya vijana wanne kutoka mji wa bandari, waliosifika kwa kuimba kwa kupokezana. Kiongozi wetu alikuwa kaka yangu Ramadhani, aliyefanya kazi karakana ya reli, na tulimwita Kapteni. Upande wa pili ulishabikia bendi ya London, watu wenye sura za ugomvi na gitaa la kukwaruza, na kiongozi wao alikuwa Idi, waliyemwita Gavana. Vyeo hivyo hatukuvibuni. Bibi zetu na babu zetu waliushindania mji huo kwa ngoma, kila upande na sare zake, vyeo vyake na nyimbo zake za kumsema mwenzake. Bibi yangu Mwamini, mzaliwa wa Kwihara, alikuwa Kwini wa ngoma yake alipokuwa msichana, na hadi uzee wake alitembea kama anayetazamwa. Sisi tulirithi mashindano, tukabadilisha ngoma tu.

Silaha yetu ilikuwa gramafoni ya betri. Marehemu mama aliinunua kwa pesa zake za vitumbua, na alipofariki ndiyo ilikuwa sauti yake iliyobaki nyumbani. Mimi ndiye niliyeitunza. Betri zilipochoka nilizianika juani juu ya bati mpaka zipate nguvu za wimbo mmoja au miwili, na sahani za santuri nilizifuta kwa kipande cha kanga yake. Niliipenda kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho. Hata hivyo mabishano yenyewe yalifanyika kwa Idi, na kule mtoto wa kike hakukaa. Ramadhani alikuwa akirudi jioni na kunisimulia nani kasema nini, nami nilibaki na majibu yangu mdomoni.

Sasa, desturi ya ngoma za mtaani kwetu ilikuwa kwamba upande ukivunjika, chombo chake kinahamia kwa wapinzani. Mpiga gitaa mmoja wa bendi ya London alipofariki, Ramadhani alikwenda mbio kwa Idi kudai redio yake, akidai wamekwisha. Idi alikataa, akasema bendi imefiwa, haijavunjika. Wakaletana kwa bibi, wakapeana mikono mbele yake kwamba bendi itakayovunjika kweli, wafuasi wake watatoa chombo chao. Kaka yangu alicheka akipeana mkono huo. Hakudhani kuwa vijana wanne walioimba vizuri namna ile wangeweza kugombana.

Waligombana. Jioni moja, mvua za masika zikielekea kuisha, tulisikia kwenye matangazo ya Kiingereza kwamba mmoja wao ametangaza kuondoka. Ramadhani alizima redio kana kwamba kuizima kungerudisha mambo. Asubuhi yake Idi alikuja na wenzake, amevaa kanzu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Idi. Mbona kanzu? Kuna msiba?"

"Bendi yao imevunjika, bibi. Tumefuata chombo."

Kaka yangu alitazama chini. Mimi nilisimama mbele ya gramafoni na kusema kwamba ile ni ya mama, haitoki. Bibi aliniangalia kwa huruma, lakini hakulegea. Alisema ni ya mama yetu kweli, ila mwanamume wa nyumba hii ameahidi mbele yake, na yeye hawezi kuificha ahadi chini ya mkeka. Nilihisi machozi yanakuja, na nikakasirika kwamba yanakuja mbele ya Idi. Hapo nikakumbuka hadithi alizonisimulia bibi tukikata viazi vitamu vya kukausha michembe, za wanawake waliokwenda na ngoma yao hadi kwa wapinzani.

"Bibi," nikamwuliza, "wale waliohamia na ngoma walikaa wapi?"

"Mbele. Mwenye ngoma hakai nyuma hata akishindwa, na hapigi mwingine akiwepo yeye."

"Basi nakwenda nayo. Haipigwi nisipokuwepo."

Idi alicheka. "Wewe Zena? Mtoto wa kike, barazani kwa mafundi?"

"Desturi umeileta mwenyewe mlangoni kwangu," bibi alimjibu. "Ibebe yote."

Nikaenda nayo. Kila siku nilipotoka shule, nikamaliza chuo cha Kurani na kazi za nyumbani, nilikwenda barazani kwa Idi. Siku za kwanza walijipanga kwenye benchi mpaka hapakuwa na pa kuweka hata kikombe, nikasimama. Nilipofungua mdomo waliongea kwa sauti zaidi. Kijana mmoja aliniambia niende nikaoshe vyombo, nikamwambia nimeshaosha, je, kwao ameosha nani? Nilipiga santuri zetu, wakajifanya hawasikii huku vidole vyao vikigonga mbao za benchi. Nilirudi kesho yake, na kesho yake tena. Walidhani nitachoka, maana hawakujua jinsi nilivyokuwa nimekaa na majibu yangu miaka yote ile.

Kisha treni ikaleta magazeti ya muziki kutoka Dar es Salaam, yamechakaa na kunuka sabuni, na ndani yake mlikuwa na maelezo ya kuvunjika kwa bendi yetu. Walisoma kwa kupokezana, wakafikia uamuzi haraka: mke wa mmoja wao, mgeni kutoka nchi ya mbali, ndiye aliyeivunja. Alikuwa akiingia chumba cha kurekodia na kukaa na wanaume. Hata Ramadhani wangu alitikisa kichwa kukubali. Nilitazama lile benchi lililojaa wanaume, nikajiangalia mimi niliyesimama, na hasira yangu ikawa nyepesi na safi.

"Watu wazima wanne," nilisema, "kila mmoja na akili zake na wivu wake. Mnasema wamevunjwa na mtu aliyekaa kwenye kiti? Amekosa nini? Kukaa?"

Idi aliiweka pasi kwenye kigae, akamwambia yule kijana wa vyombo asogee. Nikakaa. Kuanzia hapo nilibishana nao mpaka nilipokwenda sekondari, nikashinda mara nyingi na kushindwa mara nyingi. Idi alipohamia Nzega aliirudisha gramafoni mwenyewe, ameifuta, ina betri mpya.

Leo habari hazipandi treni. Mwanamuziki akifariki Uingereza, najua kabla chai yangu haijapoa, na nipo kwenye kundi la simu la wapenzi wa muziki wa zamani wenye maelfu ya nyimbo mfukoni. Mwaka huu waliuanzisha tena ule ubishi wa mke. Niliandika niliyoyaandika. Mwenye kundi, kijana ambaye sijawahi kuonana naye, akaandika, "Mama, pumzika," akanitoa kwa kidole kimoja. Barazani kwa Idi jambo hilo halikuwa jepesi hivyo. Aliyetaka niondoke ilimlazimu anitazame usoni na kutamka, na aliyetamka mara moja hakurudia. Nikatafuta namba ya yule kijana, nikampigia. Aliposikia sauti yangu alisema shikamoo. Nikamwitikia marahaba, nikamwambia anirudishe kundini, na kabla hajakata simu anieleze kwa mdomo wake yule mwanamke alikosa nini.