Jirani Yangu Aliyetoka Kigoma

Siku ile tuliamka tukitwanga mpunga. Ulikuwa msimu wa mavuno, na kijiji chetu chote cha Wamaza, mkoani Maniema, kilinukia makapi mapya. Mimi na jirani yangu Tatu tuliweka kinu kimoja kivulini, kati ya nyumba yake na yangu, tukapokezana michi. Binti yangu Riziki alipepeta. Baba yangu alipita na fimbo yake, akienda shambani kufukuza ndege.

"Mutwange vizuri," alisema. "Mangaribi nitakula kwenu."

"Kwa nani, baba? Kwa mutoto yako ao kwa miye?" Tatu aliuliza.

"Kwenye mboga itaiva mbele ya ingine."

Alicheka, akaenda zake. Ndivyo ninavyomkumbuka.

Tatu alikuwa mke wa Ramazani, mchuuzi wa kwetu aliyekuwa akisukuma baiskeli iliyojaa mchele na mafuta ya mawese hadi Baraka, ziwani, kisha akarudi na ndagala, yaani dagaa, chumvi na vitenge. Safari moja alivuka ziwa mpaka Kigoma, akakawia sana. Aliporudi, nyuma ya baiskeli alikuja mwanamke mwembamba, miguu imevimba, viatu mkononi. Tulisema huyo hatamaliza masika mamoja. Ametoka mahali penye magari na umeme. Huku tuna njia ya miguu na pikipiki pindi mvua inaporuhusu.

Siku zake za kwanza zilituchekesha. Alimwamkia mwanamke mzee wa jirani, "Shikamoo, bibi," kwa heshima zote za kwao. Kwetu bibi ni mke. Yule mzee akasimama, akashika kiuno: "Bibi ya nani? Bwana yangu alishakufa zamani!" Kijiji kizima kilicheka. Tatu naye, alipoelezwa, alicheka mpaka akakaa chini, na jioni akarudi kwa yule mzee na sahani ya vitumbua.

Nilianza kumheshimu hapo. Watu wengi wanaokuja kukaa kwetu huwa na neno moja mdomoni: kwetu. Kwetu tunafanya hivi, kwetu chakula ni hiki. Tatu alikuwa na swali badala yake. "Hii munaitaje?" "Hii munakataje?" Mama mkwe wake, Mama Zaina, alimpeleka kufyeka shamba la msituni, na mikono ikamtoka malengelenge, lakini kesho yake alishika panga tena. Nilimletea viwavi vya kukaanga, akaviangalia muda mrefu, akamuuliza mumewe kama dini inaruhusu. Ramazani akajibu kwamba yeye amevila tangu utotoni na bado anaswali. Tatu akafumba macho, akala kimoja, kisha akachukua sahani yote.

Na kuna jambo moja ambalo hakuna aliyemfundisha. Kwetu mtu anapimwa kwenye kilio. Hata kama marehemu hukumjua, unakwenda, unakaa chini na wenzako. Tatu alikuwa akifika mapema akiwa na mzigo wa kuni kichwani, anautua jikoni, kisha anauliza maji yanatekwa wapi. Waislamu na Wakristo, kwake kilio kilikuwa kilio. Nasi tulikuwa tumeacha kumwita mgeni, ingawa hakuna aliyekumbuka tuliacha lini.

Siku ile ya kutwanga, mchele ulikuwa bado kwenye ungo tuliposikia risasi.

Kwanza moja. Tulinyanyua vichwa.

Kisha nyingi, upande wa soko.

Tulikuwa tumesikia habari za watu wenye silaha walioonekana vijiji vya mbele, lakini habari hizo zilikuja na kwenda kila mwaka, na mpunga haungoji. Sasa watu walikuwa wanakimbia mbele yetu, wengine wakiwa na sufuria, mmoja amebeba mbuzi mabegani.

Nilimshika Riziki mkono. Nikaita baba, kana kwamba angeweza kunisikia kutoka shambani.

Tatu hakukimbia. Aliingia ndani.

Alitoka amembeba Mama Zaina mgongoni kwa kitenge, kama mtoto. Yule mama siku hizo alikuwa na ugonjwa wa miguu na hakuweza tena kutembea zaidi ya uani. Ramazani alikuwa safarini, kati ya Baraka na nyumbani. Mume wangu alikuwa mbali, huko Lusangi, akichimba dhahabu. Tukaingia msituni sisi wanne, na sufuria ya ule mchele kichwani mwangu.

Nyuma yetu nyumba zilianza kuwaka.

Tulilala kwenye kibanda cha shamba. Asubuhi mtu wa kijiji chetu alitukuta, akaniambia amemwona baba. Nilimuuliza wapi. Alisema, "Mu mupunga," kule kule shambani kwa mpunga. Kisha akaangalia chini, na mimi sikuuliza tena. Nilitaka kurudi. Tatu alinishika mabega, akanielekeza kwa Riziki. Nikatembea.

Kwenye njia ya kwenda Kasongo, mji wa mkoa wetu, walitusimamisha. Vijana wanne, bunduki mbili.

Walichukua mchele. Walichukua sufuria.

Mmoja alimkazia macho Tatu. Kila mtu kwetu alijua kwamba mtu wa nchi nyingine akikamatwa ataitwa mpelelezi, au atafungwa mpaka ndugu zake walipe.

"Weye, kwenu wapi?"

"Wamaza," alisema Tatu.

"Na huyu unabeba?"

"Iko mama yangu."

Kijana aliangalia miguu ya Mama Zaina iliyoning'inia. Mama Zaina akamwambia kwa Kibangubangu, lugha ya kwetu, kwamba akitaka ambebe yeye, maana mtoto wake amechoka. Mmoja wa wale wengine akacheka.

"Muende."

Tulikwenda. Hakuna aliyegeuka.

Njiani nilijaribu kumpokea mzigo. Tulipokezana, lakini ukweli ni kwamba sehemu kubwa alimbeba yeye, kwenye matope, kwenye vilima, na kwenye mtumbwi wa kuvukia mto alimpakata ili asiogope maji.

Kasongo familia moja ya Kiislamu, wenye duka, ilitupa chumba cha nyuma walichokuwa wakiweka magunia. Walitupa mkeka na chakula, na Mungu awalipe. Lakini mimi nilikuwa kama mti uliokatwa. Nilikaa nimeegemea ukuta tangu asubuhi. Maji ya Kasongo yalikuwa na ladha mbaya. Sombe yao, mboga ya majani ya muhogo, haikutwangwa sawasawa. Watu walisema haraka, walitazama nguo zangu. Nilizaliwa Wamaza, niliolewa Wamaza. Sikujua mtu anaishije mahali ambapo hakuna anayemjua baba yake.

Siku moja Tatu alikaa karibu nami.

"Mama Riziki, miye nilikuwa hivi hivi."

"Wapi?"

"Kwenu. Mwezi wa kwanza nilikuwa ninaamka usiku, nasikiliza kama nitasikia ziwa. Ramazani hakujua."

Nilimwangalia. Miaka yote ile ya kutwanga pamoja, nilidhani kwake ilikuwa rahisi.

"Ulifanya nini?"

"Niliamka asubuhi nikasalimia watu." Akaanza kukunja mkeka. "Usiseme 'kwetu' mbele ya mutu anakupa maji. Ukitaka kulia, lia na miye, halafu tuende sokoni. Na tutafute shamba."

"Shamba? Tutarudi Wamaza."

"Tukirudi mbele ya kuvuna, wengine watakula. Iko mubaya gani?"

Basi mimi mwenyeji wa Maniema nilifundishwa na mwanamke wa Kigoma jinsi ya kuishi Kasongo. Kesho yake alinitembeza mtaa mzima kusalimia, nyumba kwa nyumba. Alinionyesha kwamba ukimuuliza mtu jinsi anavyofanya kitu, anakufungulia mlango mapema kuliko ukimwomba kitu. Mwenye nyumba alitupa kipande cha ardhi nje ya mji, tukapanda karanga. Barazani mwa duka tukakaanga vitumbua, na baada ya muda watoto walikuwa wakiniita jina langu. Siku mume wangu alipotufikia kutoka Lusangi, amekonda, ameuliza kambi zote, ni watoto hao waliomleta mpaka mlangoni.

Ramazani hakufika.

Kila mchuuzi aliyetoka upande wa ziwa, Tatu alimfuata na kumuuliza. Mmoja alisema aliona baiskeli imetupwa njiani, lakini baiskeli zilizotupwa zilikuwa nyingi. Kaka wa Tatu alimpigia kutoka Kigoma kwa simu ya mwenye duka. Nilikuwa hapo, sauti yake ilisikika mpaka kwangu.

"Rudi nyumbani, Tatu. Nitavuka ziwa nije kukuchukua Kalemie. Huna mtoto huko, huna mume. Unangoja nini?"

"Mama yake hawezi safari, kaka."

"Ana ndugu zake."

"Wako wapi? Wametawanyika. Na Ramazani akifika, atamuuliza nani?"

Kaka yake alikasirika. Tatu alimwitikia kwa upole mpaka mwisho, akarudisha simu kwa mikono miwili, akaenda kumgeuza Mama Zaina kitandani.

Mama Zaina alikufa masika yaliyofuata. Tatu alimwosha yeye mwenyewe, pamoja na wanawake wa mtaa ule. Tulitazamia kilio kidogo, kilio cha wakimbizi. Uani hapakuwa na nafasi. Watu wa Kasongo ambao Tatu aliwabebea kuni kwenye vilio vyao walikuja wote, na mimi nilikaa kati yao nikimlilia Mama Zaina na kumlilia baba yangu, ambaye sikumfanyia kilio.

Kaka wa Tatu alipiga simu tena kumwita. Tatu hakwenda.

Wamaza ilipotulia kiasi, sisi tulirudi. Kaburi la baba nililikuta. Watu waliobaki walimzika kando ya shamba, na walinionyesha. Nyumba yetu ilikuwa majivu yaliyoota majani. Tatu alibaki Kasongo kumalizia mavuno, na niliamini kwamba akimaliza atashuka Kalemie. Nilishajiandaa kwa hilo. Alikuwa ametufanyia ya kutosha.

Alifika kwa pikipiki, na mkoba mmoja. Alinisalimia, akanywa maji, kisha akanieleza kwamba alikwenda kwa mwalimu wa msikiti kule Kasongo. Mwalimu alimsikiliza, akawauliza wachuuzi, akamwambia muda wa kungoja umepita. Ramazani ahesabiwe kuwa amekufa. Tatu akae eda.

"Ungeweza kukaa Kasongo," nilimwambia. "Ao kwa mama yako, Kigoma."

"Mutu anakaa eda ndani ya nyumba ya bwana yake."

"Nyumba haiko tena, dada."

"Kiwanja kiko."

Wanaume walikata miti, sisi tukakanda udongo, tukasimamisha chumba kimoja pale ilipokuwa nyumba ya Ramazani. Akavaa nguo yake nyeupe, akaingia. Wanawake wa Wamaza tulipokezana kumletea maji na chakula, na kuni hazikukosekana. Jioni nilikaa naye. Hapo ndipo nilipomwona akimlilia mumewe kwa mara ya kwanza, polepole, kama mtu aliyepata ruhusa.

Eda imekwisha. Analima shamba la Mama Zaina. Ndugu za mumewe waliorudi hawakumsumbua juu ya ardhi. Mmoja alitaka kumwoa, akakataa kwa adabu. Kaka yake bado anapiga simu, na sijui kama siku moja hatakwenda. Akienda, nitamsindikiza mpaka pikipiki zinapoanzia, na sitamshika.

Wengine huniambia kwamba vita vilinipa dada. Sipendi maneno hayo. Tatu alikuwa hapo hapo, ng'ambo ya kinu, kabla ya risasi ya kwanza, na baba yangu alikuwa anapita na fimbo yake, na Ramazani alikuwa njiani na ndagala. Vita havikumleta mtu yeyote Wamaza. Vilitupunguza. Sisi tuliobaki tunalima.