Talaka ya Mume Asiyepatikana

Mimi ni mtu wa Lubumbashi, na saluni yangu iko ndani ya Galerie d'Ixelles, hapa Brussels, kati ya duka la vipodozi na mgahawa ambao hawajui kuzima muziki. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba habari za watu hunifikia bila kuzitafuta. Mtu akishakaa kwenye kiti changu asukwe, hana pa kukimbilia, ataongea tu. Kahambu peke yake ndiye aliyenishinda. Amekuja kwangu miaka na miaka, mwanamke wa Butembo, mpole, mkimya hadi unakera. Nilichojua ni kwamba anatunza wazee katika nyumba moja ya wazee huko Forest, na kwamba anaishi na mama mkwe wake.

Mama mkwe! Hapa Brussels, ambako wengine wanawakimbia hata mama zao wa kuwazaa.

Siku alipofungua mdomo, alikuwa na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka, na machozi yakimdondoka kwenye kitambaa nilichomfunga shingoni. Alisema anataka kuolewa. Nikapiga vigelegele, wateja wawili wakageuka. Akaniambia ninyamaze, kwa sababu kwanza ni lazima ampe talaka mumewe, na mumewe amekufa.

Basi nikavuta kigoda, nikaketi.

Mumewe aliitwa Bienaimé. Alikuwa dereva wa lori, akibeba maharage na mbao kati ya Butembo na Eringeti. Mwaka ule mauaji yalipoanza upande wa Beni, aliondoka asubuhi kama kawaida, akasema atarudi kesho yake. Lori lilikutwa barabarani, milango wazi. Yeye hakukutwa, si mzima wala maiti. Kahambu na mama mkwe wake, maman Pétronille, walikimbilia Uganda pamoja, wakalala hema moja kambini, na baada ya muda mrefu wakaletwa Ubelgiji pamoja. Kwenye mahojiano ya kambini, kila Kahambu alipoulizwa kuhusu mumewe, aliyejibu ni yule mama: bwana yake yuko, atatufuata. Ikaandikwa hivyo. Na kilichoandikwa kule kikaja hivyohivyo mpaka commune ya hapa, yaani ofisi za mtaa: mwanamke mwenye mume.

Kwa hiyo nyumba ile ya vyumba viwili huko Forest iliishi na mtu mmoja kwa namna mbili. Mama alisema mwanawe yu hai. Mke alisema amekufa, ila alilisema moyoni, kwa sababu kulisema mezani kungekuwa kumchinja yule mzee. Hata kanisani waliendelea hivyo. Mama alitoa nia ya misa ili Bienaimé arudi salama. Kahambu, kwa siri, alitoa nia ya misa kwa pumziko la roho yake. Jumapili moja padri alizisoma zote mbili, moja baada ya nyingine, bila kupepesa jicho. Kahambu alinisimulia hilo huku akicheka.

Yule mwanamume aliyemtaka anaitwa Bertin, mjane wa Bukavu, aliyefanya kazi katika kiwanda cha magari cha Forest mpaka kilipofungwa. Mtu mzuri, anaongea polepole utafikiri maneno yanalipiwa kodi. Ya kanisani yangesubiri, alisema, lakini kwanza waende commune kama watu wengine. Kahambu akaenda commune, akasema yeye ni mjane. Wakamwomba cheti cha kifo. Hana. Wakamwambia atafute wakili.

Wakili alikuwa msichana wa kwetu, Ornella, aliyezaliwa hapa, Kiswahili chake kidogo alikiokota kwa bibi yake. Nilimsindikiza Kahambu kwake, kwa hiyo haya niliyaona mwenyewe.

"Kuko njia mbili, maman," Ornella alisema. "Ya kwanza, tuombe juge aseme monsieur hajulikane fasi iko, kwamba alipotea, kisha tungoje. Ni miaka mingi. Ya pili ni divorce. Kama bantu habaishi pamoja zaidi ya mwaka moja, inatosha. Na nyinyi mulitengana dix ans na kitu."

Kahambu akamtazama. "Sikutengana naye," akasema. "Alienda ku kazi."

Ornella alishusha macho kwenye karatasi zake. Mimi nilitazama dirishani, maana ningelia, na mimi nikilia sina breki.

Alichagua talaka. Angefanya nini? Ana miaka arobaini na kitu na amechoka kulala na jina. Cheti cha ndoa kilitafutwa Butembo, kikapatikana baada ya kusumbua watu wengi. Ofisi ya kule ilikuwa na siku yao ya harusi. Kuhusu kifo haikuwa na kitu. Kilichobaki kilikuwa kumwambia mama mkwe, na hapo ndipo Kahambu aliogopa kuliko alivyoogopa mahakama. Yule mama ndiye ndugu pekee aliyebaki naye duniani. Alikuwa na hakika kwamba mama atamfukuza moyoni, hata kama mzee mwenyewe hana pengine pa kwenda.

Akamwambia Jumapili moja baada ya kula. Maman Pétronille akauliza swali moja tu.

"Kabla ya kukata ile divorce, watamuita?"

Kahambu akasema ndiyo. Sheria inataka mume aitwe. Kwa kuwa hana anwani inayojulikana, wito wake utaachwa kwa mwendesha mashtaka, lakini siku ya kesi ataitwa.

"Bon," mama akasema, na uso wake ukafunguka. "Kama serikali inamuita muntu, inajua fasi iko. Fanya, mutoto yangu. Fanya mbio."

Kahambu alijaribu kumweleza. Alieleza mara nyingi, na Ornella naye akaeleza kwa simu. Haikuingia. Yule mama alitoka katika nchi ambayo serikali ikikuita mahakamani, askari wako tayari mlangoni pako. Kwamba serikali nyingine inaweza kumwita mtu ambaye haijui hata kama anapumua, hilo halikumwingia akilini. Wiki zote zile za kungoja alikuwa na furaha. Aliimba jikoni. Kahambu aliniambia afadhali angemtukana.

Siku ya mahakama tulikwenda watatu. Mahakama ya familia iko juu kule, karibu na Place Poelaert, na mvua ilikuwa ikinyesha ile ya kwetu hapa, isiyo na haraka. Maman Pétronille alivaa kitenge chake cha sikukuu. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, nikamwomba nimsaidie kubeba, akakataa. Ndani mlikuwa na koti la kiume, jipya, bado lina kikaratasi chake.

"Anatoka ku joto," akanielewesha. "Atasikia baridi."

Mimi, Marie-Jeanne, nikausogeza mwavuli wangu juu ya mfuko wake.

Kesi za ndoa husikilizwa mlango ukiwa umefungwa, kwa hiyo sisi tulikaa kwenye benchi la korido pamoja na watu wengine wenye nyuso za kukosa usingizi, kila mume upande wake, kila mke upande wake. Kahambu alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Mlango ukafunguka, karani akatoka, akasoma jina la Kahambu, kisha akaita, "Monsieur Kambale Bienaimé!"

Maman Pétronille akasimama.

Hakumtazama karani. Alitazama mwisho wa korido, kule kwenye lifti. Karani akaita tena, kwa sauti zaidi, kama kazi yake inavyotaka. Watu wakageuza shingo. Lifti ikafunguka, akatoka wakili mmoja na mafaili yake kwapani, akapita mbele yetu bila kutuona. Karani akangoja kidogo, akaandika kitu, akamwashiria Kahambu aingie na Ornella. Mlango ukafungwa. Yule mama akabaki amesimama na mfuko wake, na mimi nikabaki nimeshika kiwiko chake.

Ndani hawakukaa hata muda wa kunywa chai. Kahambu alipotoka, macho mekundu, mama mkwe wake alikuwa ameketi, ametulia.

"Banamuita mara mbili," akasema. "Hakuitika. Bienaimé, tangu mutoto, nikimuita mara moja anaitika. Hata akikosa, hata akijua nitamupiga, anaitika." Akaweka mfuko sakafuni. "Basi alikufa. Tukae kilio."

Kahambu akapiga magoti pale pale koridoni, akamkumbatia miguu. Alikuwa amelingoja neno hilo zaidi ya miaka kumi. Alilia kwa sauti, alie tu, hakuna aliyemzuia, na nilifikiri, haya, sasa wote wawili wamepumzika. Nilifikiri hivyo kweli.

Matanga hayafanywi na watu wawili. Mama alitaka dada yake aje kutoka Lyon, na mabinamu, na hao wana kazi zao, ikabidi kungoja. Wakati tunangoja, hukumu ya talaka ikatoka. Ndugu wakafika Jumamosi moja. Fanicha zilisukumwa ukutani, picha ya Bienaimé ikawekwa mezani na mshumaa, mkeka ukatandikwa chini. Kahambu ndiye aliyetafuta kila kitu: mchele, sombe, yale majani ya muhogo, viti vya kuazima parokiani, hata ule mkeka. Kisha akaenda kuvaa nyeusi, akafunga kichwa, akaja amevua viatu, akainama akae kando ya mama.

Maman Pétronille akaweka kiganja chake kwenye mkeka, mahali pale.

"Hapana hapa, mutoto yangu," akasema taratibu. "Hapa ni pa muke yake."

"Maman, ni mimi."

"Wewe ulitengana naye. Juge alisema, na mimi nilikuwa kule." Hakuwa na hasira hata kidogo. Alimpapasa shavu. "Hainiudhi. Uko mutoto yangu. Lakini mukeka ni mukeka."

Dada wa Lyon alitikisa kichwa kukubali. Watu walianza kuingia, wakimpa mama mkono, wakiinama mbele ya picha. Mwanamke mmoja nisiyemjua aliuliza kwa sauti ya chini kama marehemu aliacha mke, na dada wa Lyon akamjibu kwamba mke alikuwepo, lakini waliachana. Kahambu alikuwa akipita na sinia la chai. Alimwekea yule mwanamke kikombe, akamuuliza sukari ngapi.

Nilimchukia yule mama kwa muda, nasema kweli. Kisha nikamwona alivyokunjamana kwenye mkeka peke yake, mahali pa wawili, na chuki ikaniisha nikabaki na uchungu mtupu. Nikamfuata Kahambu jikoni. Bertin alikuwa akimpigia simu kutoka garini, chini ya jengo, kwa sababu hakuona vizuri kupanda. Simu ilitetemeka kando ya sufuria na yeye hakuigusa.

"Njoo ukae na sisi, karibu na mulango," nikamwambia. "Ulie bwana yako."

Akafuta mikono kwenye aproni aliyoifunga juu ya nguo nyeusi.

"Nikae kama nani, yaya Marie-Jeanne?" akaniuliza, na alikuwa akiuliza kweli, akingoja nimjibu.