Mchanga Mkavu wa Mkereza Vyuma

Kila asubuhi, kabla hajagusa mashine, mkereza vyuma wa Suame, mtaa wa karakana huko Ghana, hukaanga mchanga kwenye karai pana, akiugeuza kwa vidole vinavyotetemeka kidogo. Maa Serwaa, jirani anayeuza kenke, madonge ya unga wa mahindi uliochachuka, humtania: "Bosi, nikuletee pilipili?" Naye hujibu taratibu, "Mchanga ukibaki na unyevu, Maa, utatuua." Jumanne moja, nyuzi za magnesi, metali nyepesi inayowaka upesi, zilizokatwa zilishika moto mweupe chini ya mashine ya Konadu, binti yake Serwaa aliyekuwa akijifunza kazi kwa mkereza. Mama alikuja mbio na ndoo ya maji. Mkereza akamzibia njia. "Weka chini. Maji yataulipua moto huu umrukie mtoto." Hakuutupa mchanga, aliulaza kwa koleo refu, kidogo kidogo, kama anayemfunika mgonjwa shuka. Katikati akasimama, akautazama mkono wake, akampa Konadu koleo. "Malizia. Wako hautikisiki." "Bosi, nikiungua uso utanioa wewe," Konadu akatania, akainama. Weupe ulififia chini ya mchanga, ukazimika. Ndipo Serwaa alipotambua kwamba muda wote ule hakuwa amemwita binti yake arudi nyuma; alikuwa ameuamini mkono wake.