Ubani wa Halbadiri Niliununua Mwenyewe

Kosa ni langu, na nalisema mapema asije mtu akadhani nimekuja kumsengenya mwengine. Mizani ya akina mama niliiba mimi. Na ubani wa kumsomea mwizi nikaununua mimi, tena ule mzuri, bila kuomba kupunguziwa. Anayenijua akisikia sikuomba kupunguziwa ataelewa hali niliyokuwa nayo.

Kijiji sikitaji. Ni upande wa Kiuyu, inatosha. Nilikuwa wakala wa kununua mwani. Akina mama wanalima, wanaanika, mimi napima na kupeleka mjini. Kila kitu nahesabu mara mbili, hiyo ndiyo sifa yangu. Ila mizani yangu ilikuwa na tabia yake: kila magunia kumi, ikisahau moja. Sikuifundisha, lakini wala sikuikanya.

Mwaka jana wale mama wakachanga, wakanunua mizani yao ya kuning'iniza, wakaitundika kwenye banda la kikundi chao ili wapime kabla yangu. Ufunguo wa banda wakampa Bi Mize, mjane, mtu ambaye kuku wa jirani akiingia kwake humbeba akamrudisha.

Siku ya bamvua, maji yametoka mbali na wanawake wote wamo mwanini, nikamfuata Bi Mize huko huko. Nikamwomba ufunguo, niweke magunia matupu. Akauvua shingoni.

"Funga vyema, mwanangu."

Nilifunga vyema. Mizani ilikuwa ndani ya gunia langu.

Niliifukia nyuma ya banda la ng'ombe. Nia yangu ilikuwa kuirudisha baada ya mzigo mmoja tu. Nadhani kila mwizi ana mzigo wake mmoja tu.

Siku ya tatu kikaitishwa kikao bandani. Shehe wetu aliitwa, nami nikaitwa kwa kuwa ni wakala. Mke wangu alikuwamo pia, ni mmoja wa kikundi, na mwani alifundishwa kuufunga na Bi Mize huyo huyo. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

"Nani mwengine kaushika ufunguo?" mwenyekiti wao akauliza.

Bi Mize akaniangalia. Hakunikazia macho. Aliniangalia kama unavyomwachia mtu nafasi apite mlangoni. Mimi nikaviangalia viatu vyangu. Vilikuwa viwili. Nikahesabu tena, vikawa vile vile viwili.

"Ulikuwa kwangu," akasema Bi Mize.

"Basi isomwe Halbadiri. Aliyeiba imwandame," akasema mwenyekiti.

"Isisomwe," akasema Bi Mize. "Kisomo kile hakichagui. Chaweza kumpita ntu kikamwangukia asiyekuwamo."

"Hee, leo Bi Mize kawa mwanachuoni," mmoja akamcheka. "Asiyeiba aogopa nini?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ni bure, na mimi vya bure sivipiti. Lakini niliwaona wote wanamgeukia yeye, nikaona mlango wa kutokea, nikatoka.

"Kweli," nikasema. "Asiye na kosa haogopi. Isomwe. Na ubani natoa mie."

Mke wangu alinitazama kwa fahari. Mtazamo ule nauona mpaka leo.

Shehe akaomba dua pale pale, tukaitikia amina. Yangu ilisikika mpaka barabarani. Akasema Halbadiri yenyewe ataisoma kwake, siku tatu kuanzia kesho, baada ya alasiri. Kabla ya magharibi Bi Mize alikuwa keshatolewa kikundini.

Kisha mwaka ukaanza kunihesabu mimi.

Wenye kununua mwani wakaniambia wamepata wakala mwengine. Nikaingia kwenye karafuu, mvua ikazikuta juu ya majamvi, zikaharibika mbele ya macho yangu. Nikaenda bandarini Wesha kupakia mizigo ya watu, wiki ya pili nikateleza kwenye ubao wa chombo, goti likavimba kama fenesi. Ng'ombe aliyekuwa akifungwa pale nilipofukia mizani akafa, hakuumwa hata siku moja. Nilikaa nikaorodhesha mikosi yangu, nikapata saba. Nilipohesabu mara ya pili ikawa minane, maana katikati ya hesabu jino liling'oka.

Nikabadilika. Msikitini nikawa safu ya mbele. Sokoni nikaacha kupatana, naambiwa bei natoa, mpaka wauza samaki wakaniuliza kama naumwa. Ndiyo, nilikuwa naumwa. Kila tumbo la mke wangu lilivyokua, maneno ya Bi Mize yalinirudia: kikamwangukia asiyekuwamo. Nani asiyekuwamo zaidi ya yule ambaye hata kuzaliwa bado?

Ungedhani ningesema. Sikusema. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kusema.

Mimba ilipofika mwezi wa tisa, mke wangu akavimba miguu, kisha uso. Kituo cha afya wakasema presha imepanda, wakamwandikia barua ya hospitali ya Chake. Mama mkwe akapanda naye gari. Mimi sikupanda. Nilikwenda kwa Shehe nikichechemea na goti langu, nikamkuta anapalilia muhogo.

"Shehe, Halbadiri yaweza kurudishwa?"

"Ipi?"

"Ya mizani. Mwizi ni mie. Na nke wangu yu njiani anapelekwa Chake."

Akaliweka jembe chini.

"Sikuisoma."

Sikumwelewa. Akasema tena.

"Sikuisoma. Bi Mize alikuja asubuhi yake. Kanambia, Shehe usisome, huyo ntu namjua, na nkewe ana mimba. Kaniapisha nisimwambie ntu."

"Na mkatuacha sote hatujui?"

"Ningesema haikusomwa, mwizi angelala usingizi. Ulilala?"

"Sikulala."

"Basi ubani wako haukupotea."

Mke wangu alipasuliwa siku ile ile. Mtoto wa kike, mdogo, hai. Wote wawili wako hai, nashukuru, na nikishukuru naona haya.

Mizani niliifukua ina kutu, nikaipeleka bandani, nikasema mbele ya wanawake wote. Hakuna aliyenitukana. Walikuwa wakimfikiria Bi Mize, nami nikawa kama sipo. Nikaenda mlangoni kwake.

"Nshakusamehe siku ile ile," akasema. "Lakini kikundini sirudi. Wakiniletea ufunguo ntawaambia wakupe weye, maana waupenda."

Akarudisha mlango, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Mke wangu yuko kwao Wingwi na mtoto. Alikwenda kwa arubaini ya uzazi. Arubaini imeisha, nimeihesabu mara mbili, na nilipompigia simu akasema, "Yako imeisha. Yangu bado." Nasikia Bi Mize huenda kule kumkanda mzazi na kumkogesha mtoto. Mimi bado sijaitwa.

Na hofu haikuondoka, imehama tu. Zamani kila mkosi ukija nilikuwa nasema, hiyo ni Halbadiri, nalipia, itafika siku itakwisha. Sasa najua haikusomwa. Basi mwani, karafuu, goti, ng'ombe, mikosi yote ile ilikuwa ya dunia tu, humpata yeyote. Adhabu ya kosa langu haijaja. Sijui itakuja kwa njia gani, wala itamshika nani.

Wewe unayesoma na una kitu cha watu umekifukia mahali, kirudishe leo, kabla hujafika mahali pa kuchagua kunyamaza au kuitikia. Usiitikie amina kwa dua inayokutafuta. Na akitokea mtu wa kukufunika, jua kwamba anabeba mwenyewe kile anachokufunikia.

Jana nilisikilizishwa mtoto kwenye simu. Akakohoa. Nikahesabu, mara moja. Kuhesabu mara ya pili niliogopa.