Mama na Unyoya wa Kuku

Tangu nimzike Mama, ninachokikumbuka zaidi ni miguu yake.

Dresa, msafisha vidonda wa zahanati, alimweleza kwamba ugonjwa wa sukari umeua hisia nyayoni. Aikague miguu kila jioni, hata katikati ya vidole. Asiiweke karibu na moto. Asiende shambani peku. Kwa kila neno Mama aliitikia, "Ndiyo, mwanangu." Kwetu kijijini Mamba hatumbishii mtu anayetutibu.

Dresa hakuridhika. Alimwambia afumbe macho, akashika unyoya wa kuku. "Nikikugusa, sema wapi."

"Kidole gumba," Mama alisema.

Nilikuwa nimesimama kando. Unyoya ulikuwa bado hewani.

"Na sasa?"

"Kisigino."

Hakuwa amemgusa popote.

"Mama, unanijibu ili nifurahi," dresa alisema. "Mguu ukioza tukaukata, nitafurahi?"

Mama alifumbua macho. "Sasa nikuache unahangaika kuuliza peke yako?"

Dresa alikaa kwenye benchi, akavua kiatu. "Basi mimi ndiye mgonjwa. Nifundishe. Na mimi ni mbishi."

"Mbishi, na mguu unanuka," Mama alisema. Wanawake waliokuwa wakisubiri wakacheka. Mama aliugeuza ule mguu, akapanua vidole kimoja kimoja, akamwambia akung'ute viatu kabla ya kuvaa.

"Nikiwa na haraka je?"

"Unakimbizwa na nani?"

Wakati wa kuvuna mpunga, jioni moja, Mama aliniita uani kwa sauti ndogo. Kipande cha bua kilikuwa kimepenya chini ya mkanda wa kiatu chake cha tairi, kikachoma katikati ya vidole. Damu ilikuwa imeganda. "Hakiumi," alisema, na hilo ndilo lililotutisha wote wawili.

Asubuhi nilimpakia kwenye baiskeli. Dresa alikibonyeza kidonda, akakinusa. Nilimtazama usoni nisione kitu.

"Kimeingia lini?"

"Jana. Juzi niliangalia, hakikuwepo."

"Kweli, au unanifurahisha?"

"Sikufurahishi. Naogopa."

Ndipo dresa akashusha pumzi. "Mmewahi," alisema, akaanza kusafisha.

Kidonda kilichelewa sana kufunga. Kila jioni Mama aliweka mguu mapajani mwangu, nami nilitafuta weusi au harufu huku nikiogopa kuvipata. Kilifunga. Homa ndiyo iliyomchukua, miaka ya baadaye, na siku chache kabla ya hapo alikuwa bado anatembea kwenda kisimani.